Habari za Chura wa Kihansi na Maporomoko Yake

Wengi wetu tunaofundisha Kiswahili katika nchi za bara tumezoea kumtumia chura darasani kwa kazi mbili tu. Kazi ya kwanza ni ya sarufi. Wanafunzi wanapokwisha kuridhika kwamba kila jina lenye ki- au ch- hufuata mkondo wa kiti na chakula, ndipo tunapowatolea chura, pamoja na kiboko, kifaru na kipofu, ili waone kwamba umbo la jina ni jambo moja na upatanisho wake ni jambo jingine: chura huyu analia, vyura hawa wanalia. Kazi ya pili ni ya methali, na methali yenyewe haina mgeni, kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Baada ya hapo chura hurudishwa kidimbwini mwake mpaka mwaka unaofuata.

Makala haya yanakusudia kusimulia habari za chura mmoja ambaye hakuwahi kuishi kidimbwini, wala hatagi mayai, na ambaye nchi nzima ilipata kumjadili. Watanzania humwita chura wa Kihansi. Tunayo sababu ya kumwandikia hapa, na sababu hiyo si ya kujivunia. Muhula mmoja tulitunga kifungu cha ufahamu juu yake kutokana na habari za magazeti. Swali la mwisho liliuliza: Ni kitu gani kilichomwangamiza chura wa Kihansi? Jibu tulilolitarajia lilikuwa neno moja, bwawa. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliandika kwamba hajui, kwa sababu kifungu kinasema bwawa lilianza kazi yake kamili mwaka 2000, nao vyura walikuwa bado maelfu mwaka 2003. Tulimpa sifuri. Alikuja mezani na daftari lake, akaionyesha mistari miwili ile kwa kidole, wala hakusema neno. Tukamwambia akakae. Baadaye ilitupasa kuzisoma upya habari hizi tangu mwanzo, na yafuatayo ndiyo tuliyoyakuta.

Tuanze na jina, maana sisi ni watu wa lugha. Chura kwa asili ni ki-ura, na Wagikuyu wa Kenya mpaka leo husema kiura. Huku kwetu Uganda Waganda humwita ekikere, na ukivuka mpaka utasikia igikeri kwa Wanyarwanda na igikere kwa Warundi. Katika Kiswahili cha kila siku, arukaye na atambaaye, mwenye ngozi laini na mwenye ngozi ya vipele, wote ni chura. Mtoto wake ndiye aliyepewa jina la peke yake, kiluwiluwi, na jina hilo litatusumbua kidogo hapa chini.

Ama kuhusu mahali, Kihansi ni mto wa Tanzania unaotoka katika nyanda za juu za Udzungwa, upande wa kusini, na kutelemka kwenye bonde la Kilombero. Milima ya Udzungwa ni ya mwisho kusini katika safu ile ndefu iitwayo Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya. Ni milima ya zamani sana, yenye misitu iliyotengana kama visiwa baharini, na kila kisiwa kimelea viumbe vyake ambavyo havipatikani kwingine. Mto Kihansi unapofika ukingoni mwa milima huingia katika korongo jembamba lenye miteremko mikali, na katika mwendo wa kilometa chache maji yake huanguka zaidi ya mita 800, poromoko baada ya poromoko. Zamani maji hayo yalipita kwa wastani wa mita za ujazo 16 hivi kila sekunde. Yalipojipiga kwenye miamba yalirusha manyunyu mchana na usiku, masika na kiangazi, hata pembeni mwa maporomoko pakawa na vipande vya ardhi visivyokauka kamwe. Vipande hivyo kwa jumla vilikuwa hekta chache tu. Miti haikumea pale; palitandwa na mimea mifupi, laini, iliyoshikana kama zulia lililoloweshwa.

Wasomaji wa huku wanaweza kupata picha yake kwa kukumbuka Jinja. Wazee waliopata kuyaona maporomoko ya Ripon kabla ya kukamilika bwawa la Owen Falls mwaka 1954, bwawa ambalo leo huitwa Nalubaale, walikuwa wakieleza jinsi mtu aliyesimama kando ya mto alivyorudi nyumbani na nguo mbichi bila kugusa maji. Nasi tulioyaona ya Bujagali kabla hayajazama mwaka 2011 tunajua rasharasha ile ilivyokuwa. Tofauti iko moja, na ni kubwa. Huku kwetu maporomoko yalifunikwa na maji. Kule Kihansi maporomoko yaliondolewa maji.

Katika zulia lile la majani ndimo alimoishi chura wetu. Jike kubwa kabisa halifikii sentimita 3 kwa urefu, na dume haliwezi kufunika sarafu. Rangi yake ni ya manjano iliyoiva, na ngozi ya tumbo ni nyembamba hata jike lenye mimba huonekana watoto wake kwa ndani. Ndiyo, watoto. Vitabu vyetu vya shule ya msingi husema kwamba chura hutaga mayai majini, mayai yakawa viluwiluwi, viluwiluwi wakaota miguu na kupoteza mkia. Hayo ni kweli kwa vyura walio wengi mno. Chura wa Kihansi huzaa. Viluwiluwi wake hukulia tumboni mwa mama, na wanapotoka wamekwisha kuwa vyura kamili, wenye urefu wa nusu sentimita, weusiweusi, wakaanza kutafuta vidudu vya kula siku hiyohiyo. Katika aina zaidi ya 7,000 za vyura zinazojulikana duniani, zinazozaa ni chache kabisa, na nyingi kati ya hizo chache ni wenyeji wa milima ya Tanzania.

Jambo hilo halikugunduliwa jana. Mwaka 1905 bingwa wa Kijerumani, Gustav Tornier wa Berlin, alitangaza kwamba katika vyura waliokusanywa katika milima ya koloni la Wajerumani la Afrika ya Mashariki wamo wanaozaa watoto walio hai. Wataalamu wa siku zile walistaajabu. Wale vyura walitiwa katika chupa za dawa, wakapangwa rafuni, na wako huko hata leo. Tutawarudia.

Chura wa Kihansi mwenyewe alionekana na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Miongoni mwao alikuwamo Kim Howell, profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeshirikiana na J. C. Poynton na wenzao wengine wawili kumwandika rasmi. Maandishi yao yalitoka mwaka 1999, na jina la kitaalamu walilompa ni Nectophrynoides asperginis. Neno hilo la pili ni la Kilatini, na maana yake ni "wa manyunyu". Ni jina zuri, kwa kuwa halimtaji mzungu yeyote bali linataja nyumba ya kiumbe mwenyewe. Katika kichwa cha habari cha maandishi yaleyale waliyomtambulishia, wataalamu hao walisema tayari kwamba chura huyu yumo hatarini kabisa. Yaani siku ya kuandikiwa cheti cha kuzaliwa ndiyo siku aliyotangazwa mahututi.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Kwa sababu ujenzi ulikuwa umekwisha anza. Tanzania ya miaka ya 1990 ilikuwa na njaa ya umeme. Ilitegemea mno mabwawa, na mvua zilipopungua, mgawo wa umeme uliwakumba watu mijini, kama ilivyokuwa 1992 na tena 1994 na 1995. Korongo la Kihansi lilikuwa zawadi ya maumbile kwa mhandisi: maji ya kutosha yanayoanguka kimo kirefu katika mahali padogo. Ukuta wa mita 25 ungetosha, wala hapakuhitajika ziwa kubwa wala kuhamisha vijiji vingi. Serikali ilipata mikopo na misaada kutoka Benki ya Dunia na nchi za Ulaya, Norwei ikiwamo. Mashine tatu za megawati 60 kila moja, jumla megawati 180, zilitiwa ndani ya mwamba chini ya ardhi. Ya kwanza ilianza kufua umeme mwishoni mwa 1999, na mwaka 2000 kazi ilikamilika.

Tunapaswa kueleza vizuri jinsi mtambo ule unavyofanya kazi, kwa maana watu wengi, nasi tukiwamo, hudhani kwamba bwawa "linakula" maji. Halili. Maji huchukuliwa juu ya korongo, hupitishwa katika njia iliyochimbwa ndani ya mwamba, huzungusha mashine, kisha hurudishwa mtoni chini ya korongo. Mkulima wa mpunga kule Kilombero hupata maji yaleyale. Aliyenyimwa ni mmoja tu, naye ni yule aliyekaa katikati, katika kilometa zile chache ambazo mto umerukishwa. Kati ya sehemu kumi za maji, tisa ziliingia njia ya chini kwa chini. Poromoko likawa uzi mweupe juu ya mwamba, na manyunyu yakakatika.

Utafiti wa mazingira uliofanywa kabla ya ujenzi haukulichungulia korongo lile kwa makini. Si vigumu kuelewa sababu: miteremko ni mikali, hapana kijiji, hapana shamba, hapana mtu wa kulalamika. Mabingwa wa viumbe walipoingia hatimaye, fedha zilikuwa zimekwisha kopwa na mwamba umekwisha kupasuliwa. Hapa ndipo palipo kiini cha habari hizi. Kwa kawaida tunapomsimulia mwanafunzi historia ya kiumbe aliyepotea, tunampa mpangilio huu: watu walimjua, wakampuuza, akapotea. Kwa chura wa Kihansi mpangilio ulikuwa mwingine. Uamuzi ulitangulia, ujuzi ukafuata. Hapakuwa na mtu aliyesema "na afe chura ili tupate taa", kwa kuwa siku ya kusema maneno hayo hakuna aliyejua kwamba chura yupo.

Kilichofuata hakikuwa uzembe. Katika mwaka 2000, majani ya korongo yalipoanza kukauka na magugu ya nchi kavu kuingia, yalitandazwa mabomba yenye vinyunyizio, yakiletewa maji kutoka juu kwa nguvu ya mteremko peke yake, ili yarushe manyunyu bandia juu ya sehemu zile muhimu. Kazi hiyo iliendelea hadi 2001. Mtambo wa umeme ulitakiwa uache kiasi fulani cha maji kipite korongoni. Na mwishoni mwa 2000, kwa makubaliano na serikali ya Tanzania, vyura 499 walikamatwa na kupelekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York, ili mbegu isipotee hata kama yote mengine yangeshindikana.

Magazeti yalipata la kuandika. Chura apandishwe ndege kwenda Marekani ilhali mtoto wa mwalimu hajapata kuiona ndege kwa karibu! Watu walicheka, wengine wakanung'unika, na waliohesabu gharama za kumnyunyizia chura maji walizilinganisha na gharama za dawa za hospitali. Tungali tunayasikia maneno hayo kila tunapomtaja chura huyu mbele ya watu wazima. Hatuwezi kuyadharau. Sisi wenyewe tunasahihisha madaftari usiku kwa taa ya umeme wa Jinja, wala hatujawahi kumwuliza mtu ni nani aliyeishi katika povu la Ripon kabla ya taa hiyo kuwaka.

Sasa twende kwenye mwaka 2003, maana ndiko alikosimama yule msichana wetu na kidole chake.

Baada ya vinyunyizio kuanza kazi, hesabu za vyura zilishuka, kisha zikapanda. Mnamo Juni 2003 makadirio yalifika karibu 21,000. Kwa chura anayeishi mahali pamoja tu duniani, padogo kuliko mashamba ya wakulima wengi, hiyo si idadi mbaya. Mtu aliyesimama korongoni mwezi ule angeweza kusema kwamba dawa imefaa. Kisha, katika muda wa miezi tu, wakaporomoka. Januari 2004 watafutaji waliona vyura watatu, na sauti za madume wawili zilisikika. Misako ya baadaye haikufua dafu, na mwaka 2009 Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile, IUCN, ukamtangaza kuwa ametoweka porini.

Nini kiliwapata katika miezi ile? Maelezo yako zaidi ya moja. Katika maiti za vyura wa 2003 ilikutwa kuvu inayoshambulia ngozi, ambayo wataalamu huiita kitridi. Chura hunywa na kwa sehemu kubwa hupumua kwa ngozi. Ngozi ikiharibika, chumvi za mwili huvurugika na moyo husimama. Kuvu hii ilitambuliwa na sayansi mwishoni mwa miaka ya 1990 tu, ingawa ilikuwa imekwisha ua vyura katika Australia na Amerika ya Kati. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asili yake ni Asia ya Mashariki, na ya kwamba imesambazwa na biashara ya watu ya vyura na viumbe vya maji. Mwaka 2019 kundi kubwa la wataalamu lilihesabu aina 501, za vyura na za jamaa zao, zilizopunguzwa na ugonjwa huu, 90 kati yao zikidhaniwa kuwa zimekwisha kabisa. Kwa hiyo chura wa Kihansi hakufa peke yake. Alikufa katika tauni.

Lakini katikati ya mwaka uleule 2003 milango ya bwawa ilifunguliwa ili kusafisha tope lililojikusanya. Huko juu ya bwawa kuna mashamba, na tope hilo lilikuwa na mabaki ya dawa za kuulia wadudu. Wako wanaoona kwamba sumu hiyo ilishiriki. Tena yako masimulizi ya siafu, ambao hawakuwa na njia katika ardhi iliyoloa daima, lakini walipata njia palipokauka. Na hata mtu akiitupia kuvu lawama zote, lingebaki swali la mwili uliochoka: je, chura aliyeishi katika manyunyu ya bomba alikuwa na nguvu zilezile za yule aliyeishi katika manyunyu ya mto?

Sisi tunaona hivi. Bwawa halikumwua chura wa Kihansi kwa maana ambayo kisu huua. Bwawa lilimwondolea nafasi ya kukosea. Chura mwenye mito kumi hupata tauni katika mmoja akasalia katika tisa. Huyu alikuwa na korongo moja, na korongo lenyewe lilikuwa limefanywa mgonjwa wa kuhudumiwa, linalotegemea mabomba yasizibe na milango isifunguliwe vibaya. Maelezo hayo hayaingii katika neno moja la jibu la ufahamu. Na mwanafunzi anayetambua kwamba jambo la 2003 haliwezi kuelezwa kwa tukio la 2000 bila kuonyeshwa hatua za katikati, huyo amejua tofauti ya "baada ya" na "kwa sababu ya", tofauti ambayo sisi walimu wake tulikuwa tumeisahau kwa siku moja.

Turudi kwa wale 499. Maisha ya ugenini hayakuwa mepesi. Bustani sita za Marekani ziliwapokea kwa zamu, na katika nyingi kati yake walikufa. Hapakuwa na kitabu cha kumfuga chura wa Kihansi, kwa kuwa hapakuwa na aliyewahi kumfuga. Waliugua minyoo ya mapafu, walikosa mwanga uliowafaa, na hata chakula chao kilihitaji majaribio, maana mdomo wa mtoto wa chura huyu haupokei isipokuwa vidudu vidogo mno. Wakati mmoja waliokuwa hai hawakutimia 70. Ilibaki bustani ya Bronx na ile ya Toledo, katika jimbo la Ohio, na watunzaji wa mahali hapo pawili wakajifunza polepole kiasi cha manyunyu, cha joto na cha mwanga, mpaka wakaanza kuzaliana kwa mamia, kisha kwa maelfu.

Katika somo letu la pili juu ya habari hizi wanafunzi waliwaita "vyura wakimbizi". Tulisita kuliandika neno hilo ubaoni, kwa kuwa darasani walikuwamo watoto waliozaliwa kambini, na mkimbizi kwao si mfano wa maneno. Lakini ni mmoja wao aliyelitoa, akalitetea kwa hoja iliyotushinda: mkimbizi ni mtu aliye hai ambaye kwao hapakaliki. Ukilitazama kwa uangalifu, ndiyo maana hasa ya "kutoweka porini" katika orodha ya IUCN. Kiumbe hakufa, bali yuko katika kizimba cha kioo, analishwa kwa saa, na mahali pake hapana yeye.

Agosti 2010 vyura 100 walirudi Dar es Salaam na kuwekwa katika chumba maalumu kwenye Chuo Kikuu. Mwishoni mwa 2012, baada ya majaribio, vyura wapatao 2,000 walirudishwa katika korongo la Kihansi, chini ya vinyunyizio. Kwa kiumbe wa jamii ya vyura aliyekwisha kutangazwa kuwa ametoweka porini, lilikuwa jambo la kwanza duniani. Wengine walifuata katika miaka iliyoendelea. Kuvu haikuondoka kumngoja. Iko, na vyura wa aina nyingine wanaoishi mle wanaibeba. Tathmini ya IUCN ya mwaka 2015, iliyofanywa baada ya kurudishwa, haikumtoa katika orodha ya waliotoweka porini, maana kumwachilia chura ni tendo la siku moja, na kuthibitisha kwamba anazaa na wajukuu wake wanazaa bila msaada ni kazi ya miaka mingi.

Faida za pembeni zipatikanazo katika mkasa kama huu ni vizuri zitajwe, ingawa kwa haraka. Katika kulichunguza korongo kwa ajili ya chura, wataalamu waliukuta mbuni wa mwituni usiojulikana kwingine, nao wakauita Coffea kihansiensis mwaka 2004. Mwaka huohuo Tanzania ilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, inayotaka athari za miradi mikubwa zichunguzwe kabla ya kazi kuanza. Na zile chupa za Tornier? Miaka mia moja na ishirini baadaye, wataalamu walichota chembe za urithi kutoka katika vyura wa makumbusho wa enzi zile, wakawalinganisha na vyura wa milimani wa sasa, na mwaka 2025 wakatangaza aina tatu mpya za vyura wazaao katika milima ya Tanzania. Waliodhaniwa kuwa wa jina moja kumbe walikuwa wa majina mengi. Kila mmoja ana msitu wake mdogo, na mito ya milima hiyo ingali inatakiwa kwa kazi nyingine. Maji ya Kihansi yenyewe, yakishapita Kilombero, huingia Rufiji na kufika kwenye bwawa la Julius Nyerere, ambalo mashine yake ya kwanza iliwashwa mwaka 2024.

Tulisema chura ana kazi mbili darasani. Ile ya sarufi hatuna ugomvi nayo. Ile ya methali tumeanza kuifundisha kwa namna nyingine kidogo. Methali ya ng'ombe na chura hudhani jambo moja ambalo hailisemi, kwamba maji yanawatosha wote wawili. Ng'ombe atakunywa, ataondoka, na chura ataendelea kulia palepale. Tunawaomba wanafunzi waseme methali ingekuwaje kama ng'ombe angekuwa na uwezo wa kunywa sehemu tisa kati ya kumi. Majibu yao huwa ya kila namna. Wako wanaomtetea ng'ombe kwa nguvu, hasa wale wanaotoka katika nyumba zisizo na umeme, na hatuwasahihishi.

Swali la ufahamu nalo tumelibadilisha. Sasa linasema: Eleza mambo yaliyompata chura wa Kihansi kati ya 1996 na 2012, ukitenga yanayojulikana na yanayodhaniwa. Lina alama sita, na huwachosha. Yule msichana alikwisha kumaliza shule kabla hatujapata la kumwambia. Kitabu cha alama cha mwaka ule tunacho bado, na katika mstari wake sifuri imekatwa kwa wino mwekundu, juu yake pameandikwa mbili.